Ombi la Mradi: Tuhesabu Kwanza, Ndipo Tuandike

Ndugu wanakikundi, leo tunajifunza kuandika ombi la mradi, yaani ile karatasi ya kumweleza mfadhili au kaunti tunataka kufanya nini.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Tulipokuwa tukisaidia kikundi kimoja cha akina mama upande wa Tarbaj, tulichukua ombi la watu wa mbali, tukabadilisha jina tu. Ndani yakabaki maneno "maji ya mto". Jibu likaja: mto gani? Tarbaj haina mto wa kudumu. Kiangazi hicho akina mama walinunua maji ya lori, na wengine wakauza mbuzi kwa hasara. Kosa lilikuwa letu, lakini wao ndio waliolipa.

Tukarudi, tukakaa nao chini ya mti, tukaanza upya.

1. Shida ni gani, na ni ya nani?
Usiandike tu "tuna shida ya maji". Hesabu. Nyumba ni 40. Kila nyumba yatumia mitungi 2 ya lita 20 kwa siku. Hiyo ni lita 1,600. Jilaal, Januari hadi Machi, ni siku 90. Basi tunahitaji lita 144,000, bila mifugo. Andika hivyo wazi.

2. Tutafanya nini?
Berkad, yaani birika la chini ya ardhi, lenye urefu wa mita 10, upana 5 na kina 3, linabeba lita 150,000. Tukafurahi. Mama mmoja akauliza, "Na jua je, halinywi?" Kweli, zilibaki lita 6,000 tu, na jua laweza kuchukua zaidi. Ndiyo sababu paa likaingia kwenye ombi.

3. Sisi tunatoa nini?
Kuchimba, mawe, mchanga, kulinda vifaa. Hata kazi ya mikono ipigiwe hesabu ya pesa.

4. Gharama ni ngapi?
Ulizeni bei ya saruji na nondo katika maduka matatu Wajir mjini, mpewe karatasi. Msisahau lori la kuleta vitu Tarbaj, na fundi.

5. Mambo yakiharibika?
Kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Deyr ikikosa, berkad haitajaa. Mfadhili anajua, basi msifiche. Semeni kwamba itapokea maji ya lori na kuyatunza.

6. Baadaye nani ataitunza?
Andikeni nani anashika ufunguo, nani anatoa tope kabla ya mvua, na kila mtungi utalipiwa ngapi.

Pamoja na ombi, wekeni cheti cha usajili wa kikundi, kumbukumbu za mkutano uliokubali mradi, na barua ya wazee kuhusu ardhi.

Mwisho, kabla ya kutuma, someni ombi lote kwa sauti mbele ya wanachama, kwa Kiswahili na kwa Kisomali. Mgeni akija kukagua, hatauliza katibu peke yake. Atauliza pia yule mama aliyekaa nyuma kabisa, na yeye lazima aijue hesabu.

Maswali ya kujadiliana
- Kikundi chetu kina nyumba ngapi, na zatumia mitungi mingapi kwa siku?
- Katika ombi letu, ni jambo gani hatujalihesabu?
- Pesa zikikataliwa, ni sehemu gani tunaweza kuanza wenyewe?