Kijiti cha Kupanga Uzazi: Zijue Dalili za Kuumia kwa Mshipa wa Fahamu

Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulionyesha kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 5 walioolewa nchini Kenya anatumia vijiti vya kupanga uzazi. Jadelle ni vijiti 2 vinavyofanya kazi miaka 5. Implanon NXT ni kijiti 1 cha miaka 3. Njia hii ni salama kwa wengi, na ni nadra mshipa wa fahamu kuumia. Hata hivyo, mama anayepalilia mpunga Garsen au anayekamua ng'ombe Bura anategemea vidole vyake, kwa hiyo ni vyema kuzijua dalili.

Kijiti hukaa wapi?

Kijiti chenye urefu wa takriban sentimita 4 huwekwa chini tu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Huchaguliwa mkono usioutumia sana. Ndani zaidi, katikati ya misuli ya mbele na ya nyuma, hupita mishipa ya damu pamoja na mishipa ya fahamu inayofika vidoleni. Kijiti kikisukumwa ndani mno kinaweza kuigusa. Hatari ni kubwa zaidi wakati wa kukitoa kijiti kilichozama, kwa sababu kifaa kinaweza kuubana au kuukata mshipa.

Dalili

Maumivu kidogo, uvimbe au alama ya damu kuvilia chini ya ngozi kwa siku chache ni kawaida. Rudi kituoni mara moja ukiona:

- maumivu makali kama ya kupigwa na umeme yanayoshuka hadi vidoleni;
- ganzi, hasa kwenye kidole cha mwisho na cha pete;
- mkono kukosa nguvu ya kushika kikombe au jembe.

Usingoje tarehe ya kliniki. Mshipa ukihudumiwa mapema, nafasi ya kupona huwa nzuri zaidi.

Jinsi ya kujikinga

1. Kabla ya kuondoka kituoni, papasa mkono pamoja na mhudumu. Kila kijiti kinapaswa kusikika chini ya ngozi.
2. Hifadhi kadi inayoonyesha aina ya kijiti, tarehe na mkono kilipowekwa.
3. Kijiti kisiposikika, usikubali kuchanjwa kwa kubahatisha. Omba rufaa ili kitafutwe kwanza kwa mashine ya picha, kisha kitolewe na mtaalamu. Kwa sasa, tumia kondomu, kwani huenda kijiti hakimo.
4. Wakati wa kutolewa, ukihisi umeme vidoleni, sema papo hapo ili mhudumu asimame.
5. Usijitoe kijiti nyumbani kwa wembe, wala usimpe jirani kazi hiyo.

Una haki ya kutolewa kijiti wakati wowote unapotaka, hata kabla ya muda wake kwisha. Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako au fika kituo cha afya kilicho karibu nawe.