SOMO LA HISTORIA: KIBATI, KAMBI YA VITA ISIYO NA JIWE



Sisi wote tunajua jina la Kibati. Iko kwa barabara ya Rutshuru, zaidi ya kilometa 10 kutoka Goma, chini ya mulima Nyiragongo. Kuko posti ya walinzi wa Parki ya Virunga, na miaka ile mulima ulipokuwa wazi kwa wageni, walianzia hapo kupanda. Lakini tukiuliza wanafunzi kumi, "Kibati ilikuwa nini mwaka wa 1916?", pengine hakuna hata mumoja atakayejibu. Ndiyo sababu sisi wa mwaka wa sita tulienda kule na daftari, na tunawaletea somo hili.

1. Vita ilifika namna gani kwetu

Vita ilianza Ulaya mwisho wa mwezi wa Julai 1914. Wakati ule Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa mikononi mwa Wadachi, ni kusema Wajerumani. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji. Basi mupaka wa Goma na Kisenyi ukawa mupaka wa vita. Tarehe 24 Septemba 1914 Wadachi walikamata kisiwa cha Idjwi. Wabelgiji nao walikusanya jeshi lao, Force Publique, upande wa kaskazini wa ziwa. Jenerali Charles Tombeur aliweka makao yake makuu Kibati.

Aprili 1916 jeshi liliondoka kushambulia. Tarehe 6 Mei likaingia Kigali, mwezi wa Juni likafika Usumbura, na tarehe 19 Septemba 1916 likakamata Tabora. Tombeur akapewa cheo cha baron wa Tabora. Hayo vitabu vinayasema. Sasa tuangalie yale ambayo havisemi sana.

2. Hesabu ya muzigo

Askari waliotoka walikuwa zaidi ya 10,000. Walikula nini? Risasi zao zilibebwa na nani? Reli haikuwako kwetu, wala barabara ya kupitisha motokari nyingi. Wanyama wa kubeba walikufa kwa magonjwa. Ilibaki kichwa na mabega ya mutu.

Tufanye hesabu ya mufano. Tuseme kila askari anakula kilo 1 kwa siku. Askari 10,000 wanakula kilo 10,000. Pagazi mumoja anabeba kilo 25. Basi ni mizigo 400 kila siku, chakula peke yake, bila risasi, mizinga, hema na sanduku za wakubwa.

Lakini pagazi naye ni mutu, anakula. Akitembea siku 5 kwenda na siku 5 kurudi, amekula kilo 10 za muzigo wake. Anayofikisha ni 15. Akitembea siku 10 kwenda na 10 kurudi, amekula 20, anafikisha 5 tu. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali, ndivyo walivyotafutwa wapagazi wengine, na wengine tena. Tukielewa hesabu hiyo, hatutashangaa kusikia kwamba katika vita hivyo Wakongomani waliobeba mizigo wanakadiriwa kuwa 260,000. Tena Uganda ilileta wapagazi wake kusaidia Wabelgiji, kikosi kilichoitwa Carbel.

Wengi walikamatwa kwa nguvu kwenye vijiji vyao. Walikufa zaidi kwa baridi, njaa, kuhara na ugonjwa wa mapafu kuliko kwa risasi. Na shamba walizoacha zilibaki na wamama, wazee na watoto.

3. Nani anakumbukwa?

Dar es Salaam kuna sanamu ya askari tangu 1927. Nairobi kuna sanamu ambapo pagazi anasimama pamoja na askari. Katika miji hiyo miwili mitaa ya Kariakoo na Kariokor ilipata majina kwa sababu ya wale wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza. Huko Bruxelles, kwenye komini ya Saint-Gilles, Tombeur ana sanamu yake.

Na Kibati? Sisi tulitembea, tukatafuta, hatukuona kibao wala jiwe lenye maandiko. Tuliona mawe meusi ya volkano tu.

4. Kambi juu ya kambi

Musifikiri Kibati ilipumzika baada ya 1916. Mwaka wa 2008 maelfu ya watu waliokimbia vita walijenga vibanda vya shitingi pale pale. Agosti 2013 mizinga ililia tena kwenye vilima vya Kibati, jeshi la serikali na askari wa Umoja wa Mataifa wakipigana na M23. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na moto wake ukakata barabara ya Rutshuru. Kila mara wenyeji walifunga mizigo yao na kukimbia. Muzigo kichwani ndiyo historia ya Kibati, tangu pagazi wa 1916 mpaka mama mwenye godoro na masufuria.

5. Mawe ya Yordani

Kitabu cha Yoshua, sura ya 4, kinaeleza kwamba Waisraeli walitoa mawe kumi na mawili katikati ya Yordani wakayasimamisha, ili watoto wao wakiuliza maana yake, wazazi wajibu. Mawe hayo yaliwekwa kusudi yalete ulizo.

Sisi hatukosi mawe! Bustani ndogo tu ingetosha: miti michache, benchi, na jiwe moja la volkano lenye maneno ya Kiswahili kwa ajili ya wapagazi. Mugeni anayekuja kuona mulima angesoma. Mutoto wa Kibati angeuliza.

Kwa sasa, ndugu wanafunzi, jiwe hilo tuliandike kwenye daftari. Mwenye babu au bibi aliyesikia habari za upagazi kwa wazazi wake, aende amuulize likizo hii, aandike jina, kijiji, na njia waliyopita. Wazee wanapungua.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini jeshi la 1916 lilihitaji wapagazi wengi kuliko askari?
2. Pagazi mwenye kilo 25, akila kilo 1 kwa siku na kutembea siku 8 kwenda na siku 8 kurudi, anafikisha kilo ngapi?
3. Kama ungeandika maneno ya jiwe la Kibati, ungeandika nini? Yasizidi maneno ishirini.