Kiendelezi Kinachoomba Kusakinishwa Kila Mara: Hatua za Kufuata

Mkazi anapotumia kompyuta kuomba basari au kulipia kibali cha biashara, huenda kisanduku kikajitokeza kwenye skrini kikimtaka asakinishe kiendelezi. Anakubali, kisanduku kinatoweka, kisha kinarudi baada ya dakika chache. Wengi huendelea kubonyeza ili wamalize shughuli zao, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kiendelezi ni programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari kama vile Chrome au Firefox ili kufanya kazi fulani, kwa mfano kuzuia matangazo. Baadhi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye kila tovuti. Kiendelezi kibaya kikipewa ruhusa hiyo kinaweza kunasa nenosiri la eCitizen au la benki linapoandikwa. Kwa hivyo, kabla ya kukubali, mtumiaji ajue ombi linatoka wapi.

1. Ombi huonekana kwenye tovuti moja tu

Tovuti hiyo inatafuta kiendelezi na haikipati. Huenda kimo tayari lakini kimezimwa, kiko kwenye kivinjari kingine, au ukurasa umefunguliwa katika dirisha fiche, ambako kwa kawaida viendelezi havifanyi kazi bila kuruhusiwa. Mtumiaji wa Chrome aandike chrome://extensions mahali pa anwani. Wa Firefox aandike about:addons. Akikuta kiendelezi anachokijua kimezimwa, akiwashe na kuufungua ukurasa upya. Ikiwa kinafanya kazi na bado ombi linarudi, afute vidakuzi vya tovuti hiyo, kisha aingie tena kwenye akaunti yake.

2. Ombi hujitokeza pembeni mwa skrini hata tovuti ikiwa imefungwa

Mara nyingi hiyo ni arifa kutoka kwa tovuti iliyowahi kuruhusiwa kutuma ujumbe. Afungue mipangilio ya kivinjari, aende sehemu ya faragha na usalama, atafute arifa, kisha aondoe kila tovuti asiyoitambua.

3. Kiendelezi kinarudi baada ya kuondolewa

Huenda kinaletwa na programu nyingine iliyo ndani ya kompyuta, au na akaunti inayosawazisha kivinjari kwenye vifaa kadhaa. Azime usawazishaji, aondoe programu asizozijua zilizoingia wakati tatizo lilipoanza, kisha aikague kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi. Windows 10 na Windows 11 huja nayo. Chrome ikieleza kwamba inasimamiwa na shirika, hilo ni jambo la kawaida kwa kompyuta ya ofisi, na mhusika amwone afisa wa teknolojia. Kwa kompyuta ya nyumbani, ni dalili kwamba kuna programu iliyobadilisha mipangilio.

Maombi ya kukataa mara moja

Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui yake kufanya kazi. Ukurasa wowote unaomtaka mtu asakinishe au asasishe Flash leo haufai kuaminiwa. Vilevile, Chrome ya kawaida kwenye simu za Android haipokei viendelezi, hivyo ombi la aina hiyo kwenye simu lifungwe. Mwenye kuhitaji kiendelezi akitafute mwenyewe katika duka rasmi la kivinjari chake, wala asipitie kisanduku kilichojitokeza.

Aliyekwisha kukubali afanye nini?

Akiondoe kiendelezi, kisha atumie kifaa kingine kilicho salama kubadilisha manenosiri yote aliyoyaandika kwenye kompyuta hiyo, akianza na la barua pepe. Akiona pesa zimetoka, aiarifu benki au kampuni ya simu bila kuchelewa na kupiga ripoti katika kituo cha polisi. Kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018.

Wenye saiba wana jukumu kubwa zaidi, kwa kuwa kompyuta moja huhudumia wateja wengi kwa siku. Wanahimizwa kukagua orodha ya viendelezi kila asubuhi kabla ya kufungua milango. Mteja naye akikuta kisanduku kinachorudi-rudi, asiandike nenosiri lolote hadi kompyuta hiyo ikaguliwe.