Somo la wiki: Rili za bei nafuu zihesabiwe kwa zile zinazorudishwa

Mfanyabiashara mdogo wa vifaa vya uvuvi mwenye mtaji wa Sh. 600,000 hawezi kumudu kukosea mara mbili. Akiagiza rili za ufito zisizodumu, fedha yake hukwama na wateja humrudia kudai chao. Rili zinazozungumzwa hapa ni zile ambazo bobini hutulia na waya ndio unaozunguka kukunja mshipi.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuhesabu beringi. Boksi likiandikwa 10+1, maana yake ni beringi kumi za kawaida na moja ya kuzuia mkono usirudi nyuma. Wingi huo si ushahidi wa ubora. Beringi za chuma zisizokingwa hupata kutu kwenye maji ya chumvi, na rili yenye nne zilizokingwa vizuri huweza kuishinda yenye kumi.

Kosa la pili ni kulipia kasi. Gia za 5.2:1 maana yake mkono ukizungushwa mara moja, waya huzunguka mara 5.2. Rili nyingi za bei nafuu ziko kati ya 5 na 6, hivyo tofauti hapo ni ndogo.

Tofauti kubwa iko kwenye breki, ambayo huuachia mshipi taratibu samaki anapovuta. Kilo zinazoandikwa kwenye boksi ni kiwango cha juu tu. Kinachookoa samaki ni breki kuachia bila kushtuka. Kampuni ya Penn, iliyoanzishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1932, huweka sahani za nyuzi za kaboni hata kwenye rili yake ya bei ya chini, Pursuit. Rili nyingi zisizo na jina hutumia sahani laini za kitambaa.

Sasa hesabu. Uchukuliwe mfano wa duka lenye mtaji huo wa Sh. 600,000. Rili isiyo na jina inanunuliwa Sh. 30,000 na kuuzwa Sh. 40,000. Zinapatikana 20, na faida ni Sh. 200,000. Zikirudi tano na wateja wakarudishiwa fedha zao, faida yote imekwisha.

Rili yenye jina inanunuliwa Sh. 45,000 na kuuzwa Sh. 56,000. Zinapatikana 13, faida Sh. 143,000. Ikirudi moja, hubaki Sh. 87,000.

Je, rili yenye jina ndiyo bora siku zote? Hapana. Zile za bei ya chini zikirudi mbili tu, faida yake ni Sh. 120,000, nayo inaishinda Sh. 87,000. Zikirudi tatu, hubaki Sh. 80,000 na mizani inageuka. Kwa hiyo uamuzi mzima umesimama juu ya rili moja kati ya ishirini.

Hapo ndipo mteja anapohesabika. Anayevua ziwani, kwenye maji baridi, hana adui wa chumvi, na rili ya bei ya chini huweza kumfaa. Anayesimama juu ya mwamba Tanga au Mombasa akisubiri kolekole ataanza kuona kutu mapema asipoisuuza rili kwa maji baridi kila arudipo.

Kabla ya kuagiza shehena, mfanyabiashara anunue mbili za majaribio na kuwapa wavuvi wazitumie mwezi mzima. Azungushe mkono kuona kama unacheza, avute mshipi breki ikiwa imekazwa nusu, afungue na kufunga waya mara nyingi, kisha amuulize muuzaji wa jumla kama vipuri vinapatikana.

Aweke pia daftari la rili zinazorudishwa, kwa jina la bidhaa na mahali mteja anapovua. Agizo la pili litatokana na daftari hilo, si maandishi ya boksi.