Kubadilisha Shokapu za Nyuma za Gari la Umeme
Kijitabu cha elimu kwa wenye magari, mafundi na wauza spea wa Mchikichini, Gerezani na Kariakoo

Fundi aliyekwisha kufunga shokapu za Toyota IST anaweza kufunga za gari la umeme. Spana ni zile zile, na nati hufunguka upande ule ule. Kinachobadilika ni uzito anaouinua na kile kilicholala chini ya sakafu ya gari. Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo bila kuumiza mtu wala betri. Mfano wetu ni Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010 na ambalo hufika kwetu likiwa limetumika Japani.

1. LIJUE GARI LENYEWE

IST ina uzito wa tani moja hivi. Leaf inakaribia tani moja na nusu, na betri yake kubwa peke yake ina karibu kilo 300. Betri hiyo imetandazwa chini ya sakafu, kuanzia viti vya mbele hadi chini ya kiti cha nyuma. Umeme wake ni wa volti 360 hivi, na unaweza kuua.

Nyuma, Leaf ina ekseli moja inayounganisha matairi mawili. Springi imekaa peke yake na shokapu peke yake. Springi hubeba uzito, shokapu hutuliza mrusho. Kwa hiyo kubadilisha shokapu hakuhitaji kufungua betri wala kugusa waya wowote mkubwa. Nyaya za umeme mkubwa zina rangi ya chungwa. Ukiiona rangi hiyo, mkono usifike hapo.

2. DALILI ZA SHOKAPU ILIYOCHOKA

• Gari likipita kwenye tuta, nyuma huendelea kunesa badala ya kutulia.
• Mlio wa kugonga nyuma kwenye mashimo. Gari la umeme halina ngurumo ya injini, hivyo mlio huu husikika mapema. Usiupuuze.
• Mafuta yamevuja kwenye mwili wa shokapu na kushika vumbi.
• Tairi limelika kwa mabaka.

Kugonga si lazima kutokane na shokapu. Huenda bushi ya ekseli imekatika au nati imelegea. Mwambie fundi aangalie vyote kabla hujaenda dukani.

3. KUNUNUA SPEA

Usiombe "shokapu ya Leaf" tu. Nenda na namba ya chasisi na alama ya toleo: ZE0 ni Leaf za mwanzo, AZE0 zilianza mwishoni mwa 2012, na ZE1 zilianza 2017. Shokapu inayofanana kwa sura inaweza kuwa imetengenezwa kwa gari jepesi. Itaingia, bolti zitakaza, lakini haitadumu.

Nunua mbili, za kushoto na kulia, za aina moja. Mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hulifanya gari liyumbe kwenye kona na kwenye breki.

Kama unanunua ya mtumba, ibonyeze. Fimbo yake iingie taratibu bila kukwama, isiwe na mkwaruzo wala kutu, na pasiwe na mafuta shingoni. Dai risiti ya EFD. Ukishuku bidhaa ni bandia, peleka taarifa Tume ya Ushindani (FCC), yenye mamlaka ya kushughulikia bidhaa bandia.

4. KABLA YA KUINUA GARI

Zima gari. Taa ya READY kwenye dashibodi lazima iwe imezimika. Gari la umeme lililowaka halitoi mlio, na likiguswa kanyagio laweza kuondoka. Weka gia kwenye P, kisha mwenye gari aondoke na ufunguo, akae nao mbali.

Weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Ukiinua nyuma, breki ya mkono haisaidii, kwa sababu inashika matairi ya nyuma yaliyo hewani.

Tafuta sakafu ngumu. Kwenye mchanga au udongo uliolowa oili, tanguliza bamba nene la chuma au ubao mgumu chini ya jeki na stendi.

Jeki iwe ya tani 2 au zaidi. Leaf nyingi hazikuja na jeki wala tairi la akiba, basi usitegemee ya kwenye buti. Jeki ikae kwenye sehemu zilizotengwa ukingoni mwa bodi, chini ya milango, kama kitabu cha gari kinavyoonyesha. Isikae kamwe chini ya kifuniko cha betri. Kifuniko kikibonyea, seli za ndani zinaweza kuumia na kushika moto baadaye.

Ukishainua, weka stendi za chuma pande zote mbili. Tofali hupasuka bila kuaga. Usitumie.

5. HATUA ZA KAZI

1) Toa matairi ya nyuma. Pulizia nati dawa ya kulegeza kutu na uiache ifanye kazi. Upepo wa bahari hushikisha kutu bolti za chini kuliko za juu.
2) Weka jeki ya pili chini ya ekseli, upande unaoanza nao. Shokapu ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiifungua bila kuegemeza, springi yaweza kuchomoka, na mpira wa breki na waya wa ABS vikavutika.
3) Fungua bolti ya chini, kisha za juu. Kwenye magari mengine nati ya juu hufikiwa kutoka ndani ya buti.
4) Shokapu mpya isimamishe wima, uivute na kuibonyeza mara kadhaa ili hewa iliyoingia kwenye mafuta itoke. Usishike fimbo kwa koleo. Mkwaruzo mdogo hukata sili.
5) Funga juu, kisha chini, bila kukaza mwisho. Maliza upande huu ndipo uhamie wa pili.
6) Inua ekseli kwa jeki hadi ifikie kimo chake cha kawaida, ndipo ukaze bolti zenye bushi kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi hujisokota na kukatika mapema.

Kwenye ekseli ya aina hii, kubadilisha shokapu pekee hakuharibu alaimenti ya nyuma. Lakini kama tairi limelika upande, ipimwe.

6. USIFANYE

• Usitumie moto wa gesi kufungua bolti iliyoshika. Betri iko mbele kidogo tu ya ekseli. Tumia dawa, mpini mrefu au mashine ya kufungulia nati.
• Usichomelee kitako cha shokapu kilichooza bila fundi aliyesomea magari ya umeme.
• Usikate wala kuchoma shokapu kuukuu. Nyingi zina gesi yenye mgandamizo. Mwambie hivyo pia mnunuzi wa chuma chakavu.
• Gari lililosimama kwenye maji ya mafuriko, kama yale ya bonde la Msimbazi, lisiguswe mpaka betri ikaguliwe.

7. IKITOKEA HATARI

Ukiona moshi chini ya sakafu au ukisikia mlio wa kuzomea kutoka kwenye betri, acha vifaa, ondoa watu wote na piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Waambie ni gari la umeme. Betri ya aina hii inaweza kuwaka tena saa nyingi baada ya moto kuzimwa, kwa hiyo gari liwekwe mahali pa wazi, mbali na maduka na magari mengine.

8. KABLA HUJAMKABIDHI FUNDI GARI, MUULIZE

• Jeki utaiweka wapi?
• Stendi za chuma unazo?
• Ekseli utaiegemeza na nini?
• Bolti ikishika utaifunguaje?
• Lini nirudi ukague nati?

Fundi anayejua kazi atajibu papo hapo, na swali la mwisho atalijibu: baada ya wiki moja. Asiye na majibu, mshukuru na utafute mwingine.