Dondoo muhimu: Stata ikigoma, anza na betri

Vumbi jekundu la Voi huingia kila mahali, na pikipiki iliyobeba abiria miaka mingi kati ya Mwatate na Wundanyi huwa nalo hadi ndani ya kitufe cha stata. Hata hivyo, stata ikigoma, kabla ya kununua mpya, betri ipimwe kwanza kwa mita ya volti.

Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 injini ikiwa imezimwa. Chini ya 12, ichajiwe. Kipimo cha pili ndicho muhimu zaidi: kitufe kikiwa kimebonyezwa, mita isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishuka, betri imechoka, hata kama taa na honi zinafanya kazi, kwa sababu stata hula umeme mwingi kuliko hizo zote.

Sikio nalo husaidia. Mlio mmoja wa "tak" bila injini kuzunguka huelekeza kwenye betri, vichwa vyake vyenye kutu, waya wa athi uliolegea au rilei iliyoungua ndani. Kimya kabisa? Fyuzi, swichi ya klachi au kitufe chenyewe.

Betri nzima, stata inazunguka kivivu: mara nyingi kaboni (brashi) za ndani ya stata zimekwisha. Hizo hubadilishwa zenyewe tu kwa bei ndogo, kwa hiyo fundi anayedai stata mpya bila kuifungua ya zamani aombwe aifungue kwanza, mwenye pikipiki akiona.

Waya wa hasi wa betri utolewe kwanza kabla ya kufungua chochote. Hasi ikiwa bado imeunganishwa, spana ikigusa chanya na fremu kwa pamoja hutoa cheche kali.