AKIBA HAIOZI, LAKINI JINO HUOZA

Hapa Dagahaley neno bima huleta ubishi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na matibabu ya hospitali inayoendeshwa na Madaktari Wasio na Mipaka ni ya bure. Basi wenzangu huuliza, "Bima ya nini, wallahi?" Jibu langu: siku utakapopata kibali cha kwenda kusoma au kufanya kazi nje ya kambi, utaihitaji.

Tena si jambo geni kwetu. Mgonjwa akilemewa, jamaa huchanga qaaraan. Tofauti ni kwamba qaaraan huchangwa baada ya shida kuingia. Bima huchangwa kabla.

Nchini Kenya bima ya msingi ilikuwa NHIF tangu 1966. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikashika mahali pake. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Anayelipwa 20,000 hukatwa 550.

Bima ya ziada nayo hununuliwa kwa kampuni ili kujaza pengo. Hapo ndipo meno huingia, au huachwa nje! Binamu yangu wa Garissa alikuwa na kadi ya kampuni fulani. Jino likamsumbua hadi shavu likavimba. Kwa daktari akaambiwa, "Kung'oa kunalipiwa, kuziba hapana." Hakuwa na pesa za kuziba. Jino lililoweza kuokolewa likang'olewa, na ana miaka 19 tu.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, uliza haya:

1. Meno yamo? Kung'oa tu, au na kuziba pia?

2. Kikomo ni kiasi gani, na ni cha mtu mmoja au cha nyumba nzima? Tuseme ni 10,000 kwa nyumba, na dada yako ametumia 8,000. Wewe umebaki na 2,000 mpaka mwaka uishe.

3. Kuna muda wa kungoja kabla kadi haijaanza kulipa?

4. Ni hospitali gani zinazoikubali?

Anayeogopa riba naye aulize habari za takaful, ambamo wanachama huchangia mfuko mmoja na kusaidiana. Huko Wajir wafugaji walianza kukinga mifugo yao kwa njia hiyo mwaka 2013.

Ndugu zangu, wahenga walisema akiba haiozi. Jino huoza, tena halingoji mtu asome masharti. Basi tuyasome mapema.